Wasomaji Wanauliza: Ukaguzi wa Askari Kabla ya Safari

Mwezi huu tumeweka kando maswali ya viwanja na ya mitihani ya Exetat, kwa sababu barua kadhaa zilizotufikia kutoka Lubumbashi, Goma na Bukavu zinagusa jambo moja, yaani ukaguzi anaopitia askari kabla ya kutumwa mbali na kambi yake. Barua ya kwanza ni nzito kuliko nyingine, kwa hiyo tumeipa nafasi kubwa.

SWALI

Mimi ni mama wa hapa Lubumbashi, komini ya Katuba. Mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu akinyonya, alishinda loterie ya viza ya Marekani, akaenda, na sasa ni askari katika jeshi la huko. Juma lililopita alinipigia simu akaniambia kwamba kikosi chao kinajiandaa kwa safari ambayo hawezi kunitajia, na kwamba walipitishwa meza kwa meza kutwa nzima: walimtoa damu, wakamchoma sindano, wakampima masikio na meno, na mwisho mwanasheria akamwuliza kama anataka kuandika wosia. Ana miaka 26, hana mke, ila ana binti wa miaka minne anayeishi naye, na ameniuliza kama ninaweza kumpokea. Tangu siku hiyo silali. Kwetu hakuna anayemwuliza kijana mwenye afya habari za wosia isipokuwa ameona jambo. Je, wamemficha kitu? Na mimi nifanye nini?

JIBU

Pole, Mama, kwa kukesha. Swali la wosia halikuulizwa kwa sababu kuna mtu aliyeona jambo juu ya kijana wako. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani kila askari anayetarajiwa kutumwa nje, awe kanali au kuruta, awe mpishi au fundi wa magari, hupita mbele ya meza zile zile na kuulizwa maswali yale yale, kwa sababu utaratibu huo umewekwa katika kanuni ya jeshi nambari 600-8-101, na orodha ya mambo ya kukaguliwa hutiwa saini meza baada ya meza hadi ikamilike. Vikosi vingi huurudia ukaguzi huo kila mwaka hata pasipo safari yoyote, ili siku amri itakapofika pasiwe na mtu wa kutafutiwa miwani au cheti. Na safari yenyewe si lazima iwe ya vitani, kwani kuna vikosi vya Marekani vinavyopelekwa Poland, Kuwait au Korea Kusini kwa miezi kadhaa ya ulinzi na mazoezi, kisha vikarudi. Hatusemi kwamba kila safari ya askari ni salama. Tunasema tu kwamba meza ya mwanasheria si dalili ya hatari iliyofichwa.

Tena wosia si lazima. Mwanasheria wa jeshi hukaa pale kumsaidia askari bila malipo, kwa wosia akiutaka, na kwa hati ya uwakili, ile ambayo sisi huiita prokirasio, inayomruhusu mtu anayeaminiwa kulipa nyumba, kushughulikia benki au kuuza gari wakati mwenyewe hayupo. Kwa kijana ambaye bado hana nyumba wala shamba, tunadhani prokirasio ina kazi kubwa kuliko wosia, mradi iandikwe kwa mambo maalumu na kwa muda maalumu. Prokirasio iliyo wazi kwa kila kitu imewatia wengi hasara kwa mikono ya marafiki.

Sasa meza za afya. Daktari wa meno humpanga kila askari katika daraja moja kati ya manne. Wa daraja la kwanza na la pili wanaruhusiwa kuondoka. Wa daraja la tatu ni yule ambaye meno yake yanatarajiwa kumletea dharura ndani ya miezi 12, naye huzuiwa mpaka atibiwe. Wa daraja la nne hajakaguliwa kwa wakati, kwa hiyo hali yake haijulikani. Ukiona ajabu kwamba jeshi kubwa namna hiyo linahangaika na jino moja, fikiria mtu mwenye jipu la ufizi katika kituo ambacho helikopta hufika mara moja kwa juma: hali chakula, halali, na zamu yake ya ulinzi inaangukia mwenzake. Masikio hupimwa ili, akirudi, iweze kujulikana kama milio ya silaha imeyadhuru. Mwenye kuvaa miwani hutakiwa kuwa na jozi mbili, pamoja na vioo vya kuwekwa ndani ya barakoa ya kujikinga na gesi, kwa kuwa miwani ya kawaida haiingii humo.

Damu iliyotolewa ina kazi nyingi, na mbili kati ya hizo zinawahusu hasa watoto wa kwetu. Ya kwanza ni kipimo cha kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Watu wengi wenye asili ya nchi za malaria wana upungufu wake bila kujua, na mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya malaria kama primaquine au tafenoquine, chembe nyekundu za damu yake huweza kuvunjika kwa wingi. Ya pili ni kipimo cha selimundu. Mwanao akikuambia kwamba wamemwona kuwa AS, usishtuke ukadhani ni SS, yaani ugonjwa wenyewe tunaoujua katika hospitali zetu. AS amebeba urithi wa ugonjwa kutoka kwa mzazi mmoja tu, anaruhusiwa kutumika jeshini, ila wakubwa wake wanapaswa kujua, kwa sababu mazoezi makali sana penye joto kali huweza kumwangusha. Humo pia hupimwa virusi vya Ukimwi, na jeshi huhakikisha kwamba lina sampuli ya vinasaba vyake katika hifadhi.

Kabla ya safari askari hujaza fomu ya maswali kuhusu afya yake, isiyozidi siku 120 kabla ya tarehe ya kuondoka, kisha hukaa faraghani na mtaalamu wa afya kuizungumza. Huulizwa kama ana maumivu, kama anameza dawa, kama analala, kama ana huzuni au wasiwasi unaomlemea. Hapa ndipo tunapokuomba utumie sauti yako ya mama. Vijana wengi waliotoka kwetu wamelelewa kujibu kwamba hawajambo hata wakiwa na homa, na wengine huogopa kwamba wakitaja pumu au usiku wa kukosa usingizi watafukuzwa. Mara nyingi anayeonekana hayuko tayari hubaki nyuma akatibiwa, kisha akaungana na wenzake, au akapewa kazi nyingine kambini. Ukaguzi hauna macho ya kuona kile ambacho askari ameamua kukificha, na dawa ambayo hakuitaja haitakuwa ndani ya sanduku la daktari kule aendako. Mwambie aseme kweli.

Tumefika kwenye meza ambayo, kwa familia kama yako, ina uzito kuliko zote, nayo si ya mwanasheria bali ya karani. Karani humpa askari fomu nambari DD 93 aandike watu wa kuarifiwa iwapo ataumia, atapotea au atafariki, na mtu mwenye mamlaka ya kuamua juu ya mazishi. Kando yake kuna bima ya maisha, ambayo tangu Machi 2023 kiwango chake cha juu ni dola 500,000. Askari huingizwa kwenye kiwango hicho moja kwa moja isipokuwa amepunguza au amekataa kwa maandishi, naye huchagua mwenyewe watakaolipwa. Asipochagua mtu, sheria ya Marekani inamchagulia, na mpangilio wake ni mke au mume kwanza, kisha watoto, kisha wazazi. Mzazi katika sheria hiyo ni aliyemzaa au aliyemwasili rasmi kwa njia ya mahakama.

Hapo, Mama, ndipo wewe unapopotea. Katuba nzima inajua kwamba wewe ni mama yake. Amekuita mama maisha yake yote, na huenda hata karani amemsikia akikuita hivyo kwenye simu. Lakini karatasi ya kuzaliwa inamtaja marehemu dada yako, na kama hakuna hukumu ya mahakama iliyokufanya mzazi wake, fomu haikujui mpaka jina lako liandikwe. Baba mdogo, mama mdogo, yaya (kaka au dada mkubwa) aliyelipa masomo, wote ni hivyo hivyo: katika fomu ile ni watu wa kando mpaka askari mwenyewe awaweke ndani. Tunajua kwa nini mlezi huona haya kuligusa jambo hili. Anaogopa aonekane anahesabu fedha za mtoto aliye hai. Basi usimwulize habari za fedha. Mwulize hivi: "Mwanangu, likitokea jambo, watampigia nani simu?" Swali hilo halina aibu, na jibu lake litakuonyesha kama jina lako limo.

Likiwa limo, angalieni limeandikwaje. Katika karatasi zetu mtu ana jina, ana postnom, yaani jina la pili, kisha ana jina la ubatizo, na watoto wa tumbo moja mara nyingi hawashiriki jina hata moja. Fomu za Marekani zinadhani kwamba jina la mwisho ni la ukoo mzima. Matokeo yake ni kwamba mtu yule yule huandikwa kwa mpangilio mmoja katika fomu ya kwanza na kwa mpangilio mwingine katika ya pili, nusu ya jina limeachwa na herufi zimegeuzwa. Mtumie picha ya pasipoti yako au, kama huna, ya kadi yako ya mpiga kura, kisha aandike herufi kwa herufi kama ilivyo pale, bila kutumia lile jina la nyumbani ambalo majirani wanakuitia. Anwani nayo iandikwe kwa namna itakayomfikisha mtu: nambari ya kiwanja, avenyu, kartye, komini, na alama ya karibu kama kanisa au shule. Simu ziwe mbili, za mitandao miwili tofauti, zikianza na +243, na mojawapo iwe ya mtu ambaye habadilishi laini kila mwezi. Ukibadilisha nambari, mjulishe siku hiyo hiyo, naye akairekebishe fomu.

Kuhusu mjukuu wako, jeshi haliruhusu mzazi anayelea peke yake aondoke kwa maneno matupu kwamba "mama atamchukua". Hutakiwa kuandaa mpango wa malezi wenye saini za walezi na idhini ya mkuu wake. Ndani yake kuna mlezi wa muda mfupi anayeishi karibu na kambi, wa kumchukua mtoto hata usiku wa manane, na mlezi wa muda mrefu, ambaye anaweza kuwa mtu wa mbali mradi safari ya mtoto iwe imepangwa na nani atamsindikiza awe ametajwa. Askari asiye na mpango unaokubalika anaweza kuachishwa jeshi, kwa hiyo si jambo la kuahirisha. Ukikubali kumpokea, ukubali mambo haya pia: mtoto wa chini ya miaka 16 hapati pasipoti ya Marekani bila ridhaa ya wazazi wote wawili, isipokuwa mmoja awe na haki ya peke yake kisheria, atahitaji viza ya Kongo na kadi ya manjano ya chanjo, na wewe utahitaji hati iliyothibitishwa na mthibitishaji inayokupa mamlaka ya kumpeleka hospitali na shule. Mwambie wazi mambo unayoyaweza na usiyoyaweza. Bibi anayekubali kwa haya, kisha akashindwa katikati ya safari, humweka mwanawe katika shida kubwa kuliko yule aliyekataa mapema.

Jambo la mwisho ni ulimi. Amekuambia kwamba hawezi kukutajia aendako, na amefanya vema, kwa kuwa tarehe, mahali na ukubwa wa kikosi ni siri inayowalinda wenzake wote. Usibandike picha yake ya magwanda katika kundi la WhatsApp la familia ukaandika siku ya safari ili mwombewe. Ombeni, lakini bila tarehe. Na akirudi, ajue kwamba atajaza tena maswali ya afya, mara moja karibu na siku za kurudi na mara nyingine kati ya siku 90 na 180 baadaye, kwa sababu majeraha ya moyo huchelewa kujitokeza. Miezi hiyo ya baadaye ndiyo ya kumpigia simu mara nyingi zaidi.

SWALI

Ninaishi Goma. Kwa miaka mingi nimeona askari wa Umoja wa Mataifa wakipita barabarani kwetu na magari meupe, wa nchi moja wakiondoka na wa nchi nyingine wakiingia. Je, kabla ya kuletwa kwetu kuna mtu anayewakagua? Au kila nchi hutuma inaowataka?

JIBU

Papa, Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Tangu ujumbe wake wa kulinda amani hapa Kongo, MONUC, uundwe Novemba 1999, hadi ulipogeuka kuwa MONUSCO Julai 2010, askari wote waliokuja ni wa nchi zao, na nchi hizo ndizo zenye wajibu wa kuwapima afya, kuwafundisha na kuwapa vifaa. New York huweka viwango, hutoa mafunzo ya msingi ambayo kila askari anapaswa kuyapata kabla ya kusafiri, na hutuma timu ya kukikagua kikosi kikiwa bado nyumbani. Askari hapaswi kuwa chini ya miaka 18, na hupendelewa aliyefika 21.

Upande wa vifaa ukaguzi una meno. Kikosi kikifika, magari, majenereta na mitambo ya maji huhesabiwa na kuwashwa kimoja kimoja, kisha hukaguliwa tena kwa vipindi, na kifaa kisichofanya kazi hakilipiwi. Hata fedha za askari hulipwa serikali yake na si mfukoni mwake. Mwaka 2018 kiwango kilikuwa dola 1,428 kwa askari mmoja kwa mwezi. Serikali ikijua kwamba gari bovu linapunguza malipo, gari hutengenezwa.

Upande wa afya, funzo kubwa lilipatikana kwa uchungu wa watu wengine. Oktoba 2010 kipindupindu kilizuka Haiti, kikitokea karibu na kambi ya walinda amani huko Mirebalais, ambako uchafu wa vyoo uliingia katika kijito kinachomwaga maji katika mto Artibonite. Karibu watu 10,000 waliandikwa kuwa wamekufa. Ni Desemba 2016 tu ambapo Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti. Watu wa Goma, ambao mwaka 1994 waliona kipindupindu kikiwamaliza wakimbizi kwa maelfu, hawahitaji kuelezwa maana ya habari hiyo. Tunaisema kwa sababu wengi hudhani kwamba ukaguzi wa afya ni wa kumlinda askari tu. Unamlinda pia mwenyeji anayechota maji chini ya kambi, naye ana haki ya kuuliza kama ulifanyika.

Kuna ukaguzi wa tatu, wa mwenendo, na huo ndio dhaifu. Baada ya visa vya unyanyasaji wa wanawake na wasichana katika Kongo yetu hii, mwanamfalme Zeid Ra'ad Al Hussein wa Jordan aliandika ripoti nzito mwaka 2005. Mwaka 2012 ikawekwa sera ya kuzitaka nchi zithibitishe kwamba anayetumwa hana rekodi ya kuvunja haki za binadamu, na Machi 2016 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2272 linaloruhusu kikosi kizima kurudishwa kwao. Ni hatua za kweli. Lakini daktari anaweza kulipiga picha jino. Mwenendo wa mtu unathibitishwa kwa barua ya serikali yake mwenyewe, na serikali haipendi kuandika aibu ya askari wake. Kwa maoni yetu, malalamiko ya wenyeji, yakiandikwa na kufuatiliwa, yanafaa kuliko vyeti vyote vinavyoandikwa kabla ya safari.

Ukumbuke pia kwamba utayari mbovu huwaua askari wenyewe. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa, na wasiopungua 14 wakauawa. Mwezi huo huo Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazili, ambaye mlimjua hapo Goma alipoongoza kikosi cha MONUSCO wakati wa kuwashinda waasi wa M23 mwaka 2013, alikamilisha ripoti kuhusu vifo vya walinda amani duniani, akasema bila kuficha kwamba kuna askari wanaopelekwa bila mafunzo wala vifaa vinavyolingana na hatari inayowasubiri.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi wa Bukavu. Babu yetu alikuwa akisimulia kwamba askari wa Force Publique, jeshi la Kongo wakati wa Wabelgiji, waliwahi kuasi kwa sababu ya sindano. Je, ni kweli, au ni hadithi za wazee?

JIBU

Ni kweli, ingawa sindano haikuwa sababu pekee. Februari 1944 askari wa Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga, waliasi. Walikuwa wamechoshwa na vita, na adhabu, na kuona kwamba Mwafrika hapandi cheo cha afisa hata akitumika miaka mingapi. Chanjo ilipotangazwa, uvumi ukaenea kambini kwamba dawa ile ni ya kuwaua, na uvumi huo ukawasha moto ambao kuni zake zilikuwa tayari zimekauka.

Uvumi haukutoka hewani. Wenzao waliokuwa wamepelekwa Abyssinia, yaani Ethiopia ya leo, kupigana na Waitalia, hadi Jenerali Gazzera aliposalimu amri Saio Julai 1941, walikufa kwa maradhi wengi kuliko waliouawa kwa risasi, na wapagazi waliangamizwa na kuhara damu na beriberi. Askari aliyesikia habari hizo, kisha akaamriwa anyooshe mkono bila kuelezwa lolote, alikuwa na sababu ya kuogopa. Hata Marekani, ambako kila sindano huandikwa katika rekodi, mwaka 2004 jaji wa shirikisho alilizuia jeshi kuwalazimisha askari wapate chanjo ya kimeta bila ridhaa yao, mpaka taratibu za idhini ya dawa hiyo zikamilike. Askari hutii amri, lakini mwili ni wake, na kumweleza kinachoingia mwilini mwake ni sehemu ya kumwandaa. Kama babu yako aliacha karatasi, kijitabu cha utumishi au medali, vipigeni picha kabla unyevu haujaviharibu.

SWALI

Mume wangu ni askari wa FARDC, na tunaishi kambini hapa Lubumbashi. Amesikia kwamba watahamishiwa mbali. Hatukuandikisha ndoa yetu, tuliishia kwenye mahari tu. Mimi na watoto watatu tukaguliwe na nani?

JIBU

Dada, ukaguzi wenu mtaufanya ninyi wawili, na uanze kabla hajaondoka. Hali ya askari wa Kongo inatawaliwa na sheria nambari 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, lakini haki yoyote ya mke au ya mtoto hudaiwa kwa karatasi. Mahari hufanya ndoa mbele ya familia zenu. Ofisi itakuomba cheti cha afisa wa hali ya raia wa komini. Nendeni pamoja, mkiwa na mashahidi wa pande zote mbili, muiandikishe. Kwa watoto, kuzaliwa hutangazwa ndani ya siku 90, na kwa aliyepita muda huo hutakiwa hukumu ya mahakama, ile inayoitwa jugement supplétif. Ianzeni sasa, kwa kuwa ni rahisi zaidi baba akiwa anaweza kusimama mwenyewe na kusema kwamba mtoto ni wake.

Kisha mwambie akuandikie kwa mkono wake majina yake kama yalivyo kwenye kadi yake ya kijeshi, matrikule (nambari yake ya jeshi), cheo, jina la kikosi, benki ambako mshahara wake hupita, na simu ya mwenzake mmoja anayebaki Lubumbashi. Wajane wengi husumbuka ofisini kwa sababu wanalijua jina ambalo mume aliitwa nyumbani, na orodha ya jeshi ina jina jingine. Tengeneza nakala mbili za kila karatasi, moja ukae nayo, nyingine uipeleke kwa wazazi wako nje ya kambi.